Historia ya Kaka Yangu, Fundi wa Viatu vya Waliougua Ukoma

Ndugu waombolezaji, viongozi wa ibada, wazee wa ukoo, majirani, na nyinyi mliosimama kule nyuma karibu na geti ingawa viti vipo, mimi ni dada yake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake. Kamati ya mazishi, chini ya uenyekiti wa baba mdogo, iliniletea juzi karatasi iliyokwisha pigwa chapa, yenye mistari kumi na minne, na kwenye mstari wa tisa imeandikwa kwamba marehemu aliwahi kufanya kazi nje ya nchi, nukta, bila kusema ilikuwa kazi gani wala alimfanyia nani, na nilipouliza nikajibiwa, "Mwanangu, tufunike kombe mwanaharamu apite." Karatasi hiyo nimeiacha nyumbani. Hii mnayoiona nimeiandika kwa mkono wangu, ni ndefu, na anayetaka kukaa akae.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1957, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu baba yetu, aliyekuwa karani wa stesheni, na marehemu mama yetu, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule. Wa kwanza alifariki angali mchanga, kwa hiyo tulikua wawili, yeye na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya stesheni, tukilala chumba kimoja na cherehani ya mama.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 na kumaliza darasa la saba Novemba 1971, na hakuchaguliwa kuendelea. Baba mdogo, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu, alisema mbele yetu sote, tukiwa mezani, kwamba kichwa cha mtoto huyu kinafaa kubebea mizigo tu. Nalitaja hili kwa sababu mstari wa nne wa ile karatasi unasema kwamba baba mdogo ndiye aliyemlea marehemu kielimu.

Mwezi Machi 1972 alianza kujifunza kazi kwa fundi viatu mmoja, mzee mkali mwenye chumba cha mlango mmoja kati ya duka la dawa na duka la vipuri vya baiskeli, ambaye kwa miaka miwili hakumruhusu kufanya lolote zaidi ya kubandika nusu soli, na ndiyo sababu wengi wenu mlimjua kwa jina la Nusu Soli na hamjui jina alilopewa na wazazi wake. Mzee yule alipoishiwa na macho alimwachia chumba, na tarehe 1 Aprili 1980 kaka akaandika jina lake mlangoni kwa rangi nyeupe, akawa fundi anayejitegemea, na sioni mtu aliyeketi hapa mbele ambaye hakuwahi kuvaa kiatu kilichopita mikononi mwake.

Tarehe 12 Oktoba 1985 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi vilevile, na tarehe 27 Juni 1987 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti, ambaye yupo hapa kulia kwangu. Miaka ile ilikuwa mizuri, nami nilikuwa nimefungua saluni yangu mtaa wa pili, na kaka alikuwa akipita kila asubuhi kunisalimia kwa kugonga dirisha kwa nyundo ndogo, hadi vioo vyangu viwili vikapata ufa.

Mei 1993 aliingia dukani kwake daktari mmoja aliyekuwa likizo, aliyefanya kazi nchi ya mbali katika kijiji cha watu waliougua ukoma, na alikuwa amekuja kushonewa mkanda wa sandali tu, lakini akiwa anasubiri akatoa kwenye mkoba karatasi yenye mchoro wa unyayo, akamwuliza kaka kama anaweza kutengeneza kiatu cha mguu ule. Kaka akautazama, akauliza, "Vidole viko wapi?" Daktari akamwambia kwamba ukoma haukati vidole, ukoma unaua hisia, na mtu asiyehisi hukanyaga msumari akaendelea na safari, akajua ameumia pale anapoona damu nyuma yake, kisha kidonda juu ya kidonda ndicho kinachokula mguu, na kiatu kizuri kingezuia yote hayo. Kaka aliibakiza karatasi ile, akaibandika ukutani juu ya cherehani, na kuanzia siku hiyo ukimpelekea kiatu anakisikiliza kwa sikio moja.

Oktoba mwaka huohuo akatuita nyumbani, akatuambia kwamba anakwenda kujitolea kwa miaka miwili, bila mshahara, kwa posho ya chakula na kitanda. Wifi alimjibu, "Mwanao ana kiatu kimoja cha shule, na kina tundu, anza na mguu huo." Mimi nilimwambia maneno mabaya zaidi, nilimwambia mama anaumwa na yeye anakwenda kuhesabu vidole vya watu. Hakugomba. Alisema tu, "Mji huu una mafundi viatu arobaini. Kule hakuna hata mmoja," na tarehe 9 Februari 1994 akaondoka, na miaka ile miwili ikawa kumi na mmoja kasoro miezi miwili.

Sikuja hapa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama yetu alifariki tarehe 16 Julai 1996, tukamzika tarehe 19, na mwanawe wa kiume akafika tarehe 23, na vumbi la njia kwenye nyusi, akanikuta mlangoni, nami nikaufunga mlango usoni pake, akaketi kwenye ngazi tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na majirani wakapita wakamwona. Kinyongo hicho nilikitunza kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu, na mtaona baadaye nilikifanyia nini.

Ya kule kijijini nimeyajua zaidi kwenye barua alizomwandikia binti yake, kwa kuwa mimi hakuniandikia, na nisingesoma. Lilikuwa eneo la nyumba zilizopangwa safu nne, zahanati, karakana moja yenye meza ndefu, na watu mia tatu na kitu ambao wengi wao walikwisha pona miaka mingi nyuma, hawamwambukizi mtu, lakini walipojaribu kurudi kwao walikuta ndugu wamekwisha gawana mashamba na hata majina yao hayatajwi tena. Kaka alianza kwa kuwatengenezea mabuti meusi, mazito, ya kifundo, yenye soli ya mpira laini ndani, na kwa ufundi hayakuwa na dosari, na aliyapanga mezani akijisifu moyoni. Wa kwanza kuchukua alikuwa mama mmoja muuza vitunguu. Alikigeuza kiatu, akakitazama, akamrushia fundi kifuani, akasema, "Hiki si kiatu, hii ni kengele. Nikiingia nacho sokoni kila mtu atajua nimetoka wapi, na vitunguu vyangu vitaniozea. Umekuja kutoka mbali kote huko kunivisha ugonjwa ambao nimeshauvua?"

Kaka alikasirika, na ameliandika hilo mwenyewe, alimwambia basi atembee peku, na mama yule akatembea na kandambili zake, na baada ya wiki saba akaletwa zahanati na kidonda kilichofika kwenye mfupa, mguu ukakatwa chini ya goti. Kaka aliandika, "Mwanangu, daktari ndiye aliyeshika msumeno, lakini mguu ule nimeukata mimi kwa kiburi cha ufundi wangu." Alikwenda sokoni akanunua viatu vilivyokuwa vinapendwa mwaka ule, vya kike na vya kiume, akavifumua kimoja kimoja mezani, akajifunza kuvijenga upya kwa nafasi ya ziada na mpira laini uliofichwa ndani, hata mtu akivivaa huwezi kumtofautisha na jirani yake, na jozi ya kwanza, au tuseme nusu ya jozi, alimpelekea muuza vitunguu wodini, chini ya kitanda, akaiacha bila neno. Mama yule alikaa siku tisa bila kuigusa. Siku ya kumi akaivaa, akamwita fundi, akamwambia, "Rangi mbaya, lakini nitakivaa." Kaka alibaki kule miaka mingine minane.

Alirejea nyumbani tarehe 18 Desemba 2004, na hapa, ndugu zangu, ndipo karatasi ya kamati inaponyamaza kabisa, kwa hiyo nitasema mimi. Kila mwaka wa miaka ile kaka alipimwa, na alikuja na cheti cha daktari kwamba hana ukoma na hajawahi kuwa nao, akakitundika dukani kwenye fremu, na nyinyi mlikisoma, kisha mkapeleka viatu vyenu kwa mafundi wengine. Aliyemletea kazi alimwambia, "Weka hapo chini, nitaokota mwenyewe." Chama cha mafundi viatu kilimtaka asihudhurie vikao hadi mambo yatulie, na hakikumwambia ni mambo gani. Mimi dada yake nilimtengea kikombe chake, cha bluu, na nilikiosha mbali na vingine, na aliniona nikikiosha. Mlisema lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Baba mdogo, naona unanipungia mkono, na nimekusikia ukisema, "Ruka hapo." Siruki popote. Kaa.

Lisemwalo lilikuwepo, ni kweli, ila mlilitafuta nyumba isiyo yake. Siku ya Alhamisi, tarehe 7 Mei 2009, kaka alipita saluni kwangu saa tano asubuhi, nikiwa na mteja kitini, nimeshika pasi ya nywele ya moto, nikigeuka huku na huku kwa maneno, na pasi ile ikalala juu ya mkono wangu wa kushoto, hapa chini ya kiwiko, ikakaa. Mteja alisikia harufu kabla yangu. Kaka hakupiga kelele, alingoja mteja aondoke, akafunga mlango, akaniambia nifumbe macho, akanigusa mkono na ncha ya kalamu hapa, na hapa, na hapa, akiniuliza, "Unasikia?" na nikawa najibu ndiyo, kisha nikawa sijibu, kwa sababu nilidhani ameacha kunigusa. Nilipofumbua macho kalamu ilikuwa imechora mistari mitano kwenye baka ambalo kwa miaka miwili nilikuwa nikilipaka krimu.

Twende pole pole ili asiwepo wa kusema hakusikia. Aliyeugua ukoma katika familia hii ni mimi. Daktari wa mji mwingine, tulikokwenda kwa siri, alikuta mabaka sita, akaniambia ugonjwa huu hukaa mwilini hata miaka ishirini kabla ya kujionyesha, na kwamba sikuupata kwa kaka kwa kuwa kaka hana, niliupata hapahapa, katika mji huu safi, kwa mtu ambaye pengine hajijui hadi leo. Dawa zipo, ni vidonge vya miezi kumi na miwili, na mgonjwa akianza tu kuvimeza hamwambukizi mtu tena. Ningeweza kumshukuru Mungu nikaenda zangu. Badala yake nilimshika kaka shati nikamwapisha asimwambie mtu, hata mkewe, kwa kuwa mwanamke anayeshika vichwa vya watu kwa mikono hii, akijulikana, saluni yake inakuwa banda la kuku. Aliapa. Na kwa kuwa niliogopa kuonekana kliniki, akawa anakwenda yeye kunichukulia pakiti yangu kila mwezi, daktari akakubali kwa shingo upande, na mwezi wa tatu jirani mmoja aliyekwenda huko kupima macho akamwona kwenye foleni ya dawa za ukoma.

Hamkuhitaji zaidi ya hapo. Vidonge vile vilinifanya ngozi iwe nyeusi, mkaniuliza, nikasema ni sabuni mpya, mkacheka, na mwingine akataka kujua inauzwa wapi. Mlikuwa mnanipa vichwa vyenu niviguse huku mnaninong'oneza habari za kaka yangu mkoma, nami nilikuwa nasuka na kuitikia, "Haya, ndiyo dunia."

Tarehe 23 Januari 2010 baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo sebuleni kwake, watu kumi na mmoja, akamsimamisha kaka, mtu wa miaka hamsini na miwili, akamwuliza, "Dawa zile ni za nani?" Kaka akageuza macho akanitazama, nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nami nikatazama sakafu. Akasema, "Nimezichukua mimi." Hakusema uongo, na hakusema kweli iliyokuwa yangu. Tarehe 6 Machi mwaka huohuo wifi alichukuliwa na ndugu zake, na Agosti upande wa bwana harusi ukaleta ujumbe kwamba posa ya binti imesitishwa, hawawezi kuoa kwenye damu ile. Mimi nilikwisha maliza kidonge cha mwisho mwezi Juni, nimepona, ngozi imeanza kurudi, na wateja wameongezeka.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza miaka tisa, na sitawapa sababu nzuri. Niliogopa njaa, ndiyo. Lakini palikuwa na kitu kingine, nilikuwa nikimwona ameketi peke yake dukani, nikakumbuka jeneza la mama lililoshushwa bila yeye, nikajiambia anastahili. Hayo ndiyo niliyokifanyia kile kinyongo.

Wifi yangu, wewe uliye safu ya tatu, ulimwacha mume mzima kwa sababu yangu. Ulimwuliza mara mbili, na mara zote alikaa kimya, ukadhani ni hatia, kumbe ni kiapo changu. Nilikuja kwenu mwaka ule kukupa pole, nikala chakula chako, nikaondoka na mdomo wangu umefungwa. Sikuombi unisamehe leo mbele za watu, maana ungelazimika kuitikia kwa aibu. Nawe mwanangu, shangazi yako ndiye aliyekuvunjia ndoa, si baba yako, na ukitaka kunitukana nyumba unaijua.

Kaka aliendelea na kazi kwa kutengeneza viatu vya wagonjwa wa kisukari waliotumwa na hospitali, kazi iliyomtosha kula, hadi Jumatatu tarehe 3 Juni 2019, saa nne na nusu asubuhi, alipoanguka dukani, akakutwa na muuza duka la dawa, akakimbizwa hospitali ya wilaya, ileile aliyozaliwa, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha saba. Ni kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, na imeandikwa hivyo, nimekuja na cheti, atakaye akisome, na hakuna neno lingine kwenye cheti hicho. Upande wa kulia haukufanya kazi tena, na mdomo ulitoa maneno kwa shida. Siku ya kumi na nne nilimwambia, "Kaka, nitawaambia." Alijikaza, akauliza maneno mawili tu, "Saluni je?" Alifariki Jumatano, tarehe 19 Juni 2019, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja na miezi kumi, ameshikwa mkono na binti yake. Ameacha mjane, binti mmoja, na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimlisha kwa kijiko na kumpangusa mdomo kwa mkono mtupu, huyu namshukuru bila neno la pembeni. Tunamshukuru mlinzi wa geti la hospitali, aliyevaa viatu vya marehemu kwa miaka sita, aliyekuja kumwosha pamoja nami, tukiwa wawili tu, wakati ndugu wa damu wakituma ujumbe kwamba wana mafua. Tunawashukuru majirani, kwa maturubai, kwa viti, na kwa kufika wengi leo ingawa kwa miaka kumi na mitano mlikuwa mkivuka barabara mnapofika mlangoni pake. Tunawashukuru mafundi viatu wenzake, ambao wameleta shada la maua kwa mtu waliyemkodi alilete. Tunamshukuru mwenyekiti wa kamati kwa mistari yake kumi na minne.

Limebaki moja. Nimearifiwa kwamba vijana sita wa kubeba jeneza wameomba glavu, na wamepewa, naziona mifukoni. Zitoeni, au kaeni chini watabeba wengine, nitabeba mimi na binti yake na mlinzi wa geti tukianguka tuanguke. Aliye ndani ya jeneza hakuugua siku hata moja yale mnayoyaogopa. Aliyeugua ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, mikono yake mnaijua, na leo si mimi ninayebebwa.

Kaka, ondoka kwa amani ukapumzike, mimi nimebaki nao.